Majina ya Nguruwe wa Bwana Mifugo

Bwana mifugo wa kijiji cha Natta husugua viganja mpaka vipate joto kabla ya kumgusa mnyama, na kabla ya kila sindano husema "pole, mama," hata kama mgonjwa ni dume. Wegesa, mfugaji wa hapo, alimzoea hivyo, mpaka siku alipokuja kuchanja ng'ombe akamsikia Mwikwabe, mwanawe Wegesa wa miezi mitano, akikohoa ndani. Aliuliza mtoto amelazwa hospitalini mara ngapi. "Mara nne," Wegesa alijibu. Bwana mifugo akaweka bomba la sindano chini. "Mama Mwikwabe, nikiwa masomoni ng'ambo nililea nguruwe waliobadilishwa vinasaba ili wazaliwe bila kinga ya mwili. Walikohoa hivihivi." "Unamfananisha mwanangu na nguruwe?" "Namfananisha. Mpeleke hospitali kubwa wampime kinga. Leo." Alisema kwa sauti ileile ya chini anayotumia zizini, na sauti hiyo ndiyo iliyomfanya Wegesa aende. Kweli kinga haikuwepo. Mtoto akapandikizwa uboho, ute wa ndani ya mifupa, kutoka kwa dada yake.

Sasa Mwikwabe ana miaka mitatu, anakimbiza kuku. Kila Wegesa akimshukuru, bwana mifugo huinamisha kichwa na kuanza habari za kupe. Juzi Wegesa alimbana: "Na wale nguruwe, walipona?" "Hawakupona. Madaktari walijifunza kupitia wao namna ya kuwatibu watoto kama wako." Akafunga mkoba wake, akaufungua tena. "Nilikuwa nimewapa majina ya sehemu za huku kwetu." "Nitajie, niwashukuru." Aliyataja polepole: Ringwani, Gorong'a, Mugumu. Baada ya kila moja Wegesa aliitikia, "Asante."