Nyumba Niliyoitembelea Kabla Haijajengwa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na simu mziweke pembeni kidogo. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo sitawaeleza mashine ile inavyofanya kazi. Nitawaeleza nilichokiona.

Mwanangu wa kwanza, aliyeanza na mitumba biashara zilipofunguliwa mpaka akapata duka lake mjini, aliamua kunijengea nyumba mpya huku kijijini, juu ya Maji ya Chai, kando ya ile ya zamani. Mafundi walikuwa waanze kuchimba msingi Jumatatu, na mimi nilikuwa sijasema ndiyo. Ramani nililetewa, nikaona mistari tu. Nilitaka kujua jambo moja: nyumba hiyo itawapokea wafu wake, au itawaacha nje?

Msishtuke. Mume wangu alipoletwa kutoka mochwari, jeneza halikuingia sebuleni. Tulikuwa tumejenga stoo ya mahindi barazani, kwa akili zetu wenyewe, ikabaki kona nyembamba. Wanaume walijaribu mara mbili, kisha wakataka kulisimamisha wima. Nikasema hapana, huyu si gunia. Basi akaagwa uani chini ya turubai, mvua inanyesha, mbele ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Kwetu mtu huagwa sebuleni kwake. Jambo hilo sijalimeza hadi leo.

Jumamosi nikapelekwa Engutoto, nyumbani kwa huyo mwanangu. Binti yake ndiye mchora ramani.

"Shikamoo bibi. Leo utaingia kwako."

"Marahaba. Kwangu wapi, na hata tofali hatujafyatua?"

Akanikalisha mbele ya kompyuta yenye kioo kikubwa. Akasema anatumia programu wanayotengenezea michezo, ile ya vijana kukimbizana na kupigana risasi. Nikamwambia mimi sina wa kumpiga risasi.

"Wewe bibi huhitaji bunduki. Ukitazama tu, watu wanakimbia."

Nilimkaripia, lakini ni kweli.

Kisha akaiwasha.

Ilikuwa sebule. Sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, inang'aa pale mwanga wa dirisha ulipoangukia. Makochi yangu yalikuwemo na vitambaa nilivyofuma mwenyewe, hata kile chenye uzi uliofumuka. Alivipiga picha alipokuja Pasaka. Akaniwekea kidole kwenye kitufe chenye mshale. Nikabonyeza, nikasogea. Nikaachia, nikasimama. Nikageuka dirishani, na Mlima Meru ulikuwa mahali pake.

"Sogeza jua basi," nikamwambia kwa mzaha.

Akalisogeza. Mwanga ukatambaa sakafuni kutoka asubuhi hadi jioni, vivuli vya miguu ya viti vikarefuka, ukuta ukawa na rangi ya chungwa. Siku nzima ilipita na mimi sijashusha pumzi.

"Mjukuu wangu," nikasema, "kazi hii uifanye kwa adabu. Unagusa mambo ya Mwenyezi."

Nilipotulia, nikamwambia, "Sasa nitengenezee jeneza."

Mwanangu akaruka. "Mama! Tunajenga nyumba, wewe unaleta jeneza?"

"Mtanitolea wapi? Dirisha la choo?"

Msichana hakubisha. Akampigia seremala kuuliza vipimo, akatengeneza sanduku refu la mbao na watu wawili wasio na sura wa kulibeba. Wakapita mlango mkubwa. Wakaingia koridoni, na kwenye kona ya kuelekea sebuleni sanduku likagota. Akalirudisha, akalielekeza upya. Likagota tena. Ule ukuta usiokuwepo ulizuia kama ukuta wa mawe. Hakuna aliyecheka.

Mwanangu akavua kofia. "Ni kama siku ile ya baba," akasema polepole.

Msichana akaushika ukuta, akausogeza hatua moja, stoo ya upande wa pili ikapungua. Ukuta! Ulisogea kama pazia, na papo hapo mwanga ukaingia mahali ambapo haukuwepo, wenyewe, bila kuambiwa. Sanduku likapita limelala, likatua katikati ya sebule, mbele ya dirisha. Nililitazama muda mrefu. Nilimwona mume wangu mle, nikajiona na mimi, wala sikuogopa.

"Haya, chimbeni," nikasema.

Nyumba ikajengwa hivyo hivyo, na nilipoingia mara ya kwanza miguu ilikwishaijua njia. Siku ya kuhamia, mke wa mwanangu alileta kabati la vyombo, wakaliegemeza ukutani koridoni, eti pana nafasi. Nikawaita wote, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Hapa ni njia. Asiweke mtu kabati hapa, wala friji, wala hata ndoo ya maji. Litoeni sasa hivi."