Siku niliyoshika kabeli kwa mkono

Nyumba yangu ya Cimpunda, hapa Bukavu, iko na etaje mbili, ghorofa kabisa, na nilijenga mimi mwenyewe. Shule niliachia darasa la tatu. Nilianza na kubeba magunia sokoni Kadutu, na leo watu wenye diplome wanapanga kwangu. Mtu kama mimi haiti fundi. Umeme niliweka mimi, maji niliingiza mimi. Na siku kampuni ilipofikisha kabeli ya televisheni na internet kwenye ukuta wangu, ni mimi niliivuta ndani na kuigawa kwa wapangaji wote wanne.

Kaka yangu mkubwa alifia Canada. Yeye ndiye alisoma. Waliponipigia simu nilijibu "sawa", nikamaliza ugali wangu. Sikulia. Watu walikuja kukaa kilio, nikapanga viti, nikahesabu viti, nikapanga tena.

Walikuwa wanamzika huko huko, saa kumi ya kwetu, na mtoto wake angetuonyesha kwa video. Mama yetu alishuka toka kijijini Miti na udongo wa shamba ndani ya mfuko wa sukari. Aliomba kitu kimoja tu: wakati wanashusha sanduku, na yeye amwage ule udongo, dakika ileile, mwanawe asifunikwe na udongo wa wageni peke yake. Kwa hiyo alipaswa kuona.

"Utanionyesha?" aliniuliza.

"Maman, kwangu hakuna kitu kinashindikana."

Saa saba tulijaribu na yule mtoto wake. Picha ikaja, ikaganda, ikakatika. Tukarudia, ikakatika. Ile taa ya modem inayopaswa kutulia ilikuwa inapepesa tu. Nikapigia kampuni. Akapokea mwanamke, sauti ya kijana. Akanifundisha kufungua kwenye simu ukurasa wa modem, pale inapoandika nguvu ya rezo, yaani mtandao, inayoingia.

"Unaona ngapi, papa?"

"Moins kumi na tatu."

"Iko chini ya zero sana. Inafaa ikaribie zero. Ikipita saba, juu ao chini, itasumbua. Kabeli umeigawa?"

"Kidogo," nikasema, nikakata simu.

Nani hapa Bukavu hajui dawa ya kitu dhaifu? Umeme ukishuka mpaka taa iwe nyekundu kama kaa la moto, unaweka regilateri, inausukuma juu. Nilikuwa na ampli ya zamani ya televisheni, ile ya kuongeza nguvu. Nikaifunga kwenye kabeli. Nikaenda kwa mpangaji mmoja, nikachukua na yake, nikaifunga nyuma ya ile ya kwanza. Nikasoma namba. Nikapigia tena yule mwanamke, mimi mwenyewe, ili asikie.

"Plus kumi na tisa! Hata kwenu ofisini haifike hapo."

Akauliza: "Papa, na picha iko?"

Picha haikuwepo kabisa.

"Njo hivyo, ndiyo shida. Rezo haiko umeme. Ni kama mutu anakupigia kelele ndani ya sikio: anasema nguvu, lakini hausikie kitu. Toa zile ampli. Toa na vile vya kugawa kabeli, vyote. Kabeli ya inje iingie mu modem moja kwa moja."

Bibi yangu, mama wa watoto wangu, alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Papa, hata modem inakuomba upunguze sauti," akasema. Siku nyingine ningejibu.

Nilikaa nikitazama zile nyaya. Miaka yote nilionyesha wageni: huyu wa juu anaona kwa kabeli yangu, na yule wa nyuma vilevile. Nikachukua koleo, nikakata yote. Kazi ya miaka ilichukua robo saa. Nikaunga mwenyewe ile ya nje na ile ya modem, pale nyuma ya jikoni zinapokutana. Namba ikaja: plus moja. Taa ikatulia.

Saa kumi kasoro dakika chache picha ilikuwa safi. Mama aliketi mbele ya televisheni, sahani ya bati miguuni, mfuko wa udongo mkononi. Mimi nikaketi nyuma yake. Mara ikaganda.

Nikatoka mbio. Kile kichwa cha kuunga kabeli nilikikaza kwa meno, kama nilivyokaza vyote maisha yangu yote. Kilikuwa kinacheza. Nikikibana kwa vidole, bibi anaita toka ndani: "Imerudi!" Nikiachilia: "Imeenda!"

"Nitume mutu ashike, uje uone?" akauliza.

Nilifikiri. Mtu mwingine angekibana vibaya. "Acha. Nashika mimi."

Basi nikasimama nyuma ya jikoni, uso kwenye ukuta, na kaka yangu akazikwa. Nilisikia padri akisema Kifaransa, kisha upepo wa kule. Mbele yangu kulikuwa na saruji niliyopiga mimi, na ufa mdogo ambao sikuwahi kuuona. Niliufuata kwa macho, toka juu mpaka chini. Sikufikiri kitu. Halafu toka ndani nikasikia udongo unaanguka kwenye bati, polepole, mpaka mfuko ukaisha. Nikajua kaka ameshuka kaburini.

Hapo kilio kikapanda nyumba nzima. Mimi nilikuwa nabana.

Muda ukapita. Bibi akazunguka jikoni, macho mekundu, akanikuta vilevile.

"Papa, achilia sasa. Imeisha. Walishazima na huko."

"Na Maman?"

"Alimwaga dakika ileile. Anakuita."

"Namba iko ngapi?" nikamuuliza.

Akanitazama. Akatoa simu, akasoma. "Plus moja."

"Sawa," nikasema. Lakini vidole sikuvifungua. Bibi akaja akavifungua yeye, kimoja kimoja.