Kizibo cha Baba

Mkonge uliosagwa una harufu kali ya uchachu inayoganda kwenye nguo, na sisi watoto wa kambi ya wafanyakazi wa shamba tuliwacheka wageni waliokuja Korogwe wakiziba pua. Mwaka ule shamba lilipobinafsishwa, harufu ikakatika. Korona, ile mashine ya kusaga mkonge ambayo baba aliihudumia tangu ujana wake, ilizimwa, tukaambiwa tumsubiri tajiri mpya. Meneja wa zamani alipofungasha, aliwagawia watu vyombo vyake. Baba alipata chupa tupu ya mvinyo, kizibo kimezama ndani. Hiyo ndiyo asante aliyopewa.

Mama, Mzigua wa Kang'ata, alitaka turudi kwao Handeni tukalime kabla mvua hazijaanza. Chupa aliitaka ya kubebea mafuta ya taa, ila kila ukimimina, kizibo kilikuja shingoni kikaziba. "Nikishakitoa tu, Mama Zaina, tunaondoka," baba alimwahidi. Basi kila asubuhi alikaa kibarazani akisokota singa za mkonge kuwa kitanzi, akakitumbukiza chupani, akavuta, kizibo kikamponyoka. Majuma yakapita. "Subira yavuta heri," alisema. Mama alimjibu kwamba tumbo halijui methali. Mimi nilimwonea baba huruma na, nikiri, aibu pia: fundi mzima kushindwa na kizibo!

Siku moja, baba alipokwenda ofisini kuulizia habari, nilisukuma pindo la kanga ya mama ndani ya chupa, nikaigeuza juu chini mpaka kizibo kikalalia kitambaa, nikavuta taratibu. Kikatoka. Nikakimbia kumpokea baba njiani.

"Shikamoo baba! Nimekitoa!"

Alikichukua kizibo kiganjani mwangu, akakitia mfukoni, akasema, "Haya. Kamwambie mama yako afunge mizigo."

Huko Kang'ata jua lilituunguzia mahindi mwaka wa kwanza, na wa pili pia. Kisha tukasikia korona imewashwa tena, na walioitwa kazini ni wale waliokutwa bado wanaishi kambini. Baba hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma. Alifia kwenye shamba la mahindi ambalo hakulipenda.

Leo ninaishi Korogwe mjini, kwenye nyumba yenye umeme, na chupa tupu nazitupa bila kuzitazama. Mume wangu, aliyepunguzwa kazini mwaka jana, hushinda kibarazani akitengeneza redio isiyopona. Wanangu wanajua kasoro iko wapi, wanataka kumsaidia. Nawafukuza.