Wateja walikuwa wanajaza kikapu halafu wanaishia kwenye fomu ya malipo, mke wangu ndiye aliyenifumbua macho

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii ni yangu mwenyewe, sijasimuliwa. Anayebisha aje Tarime nimwonyeshe mashine ya kufuma ilipo.

Mke wangu Ghati anafuma masweta ya shule. Mimi nilijifunza kutengeneza tovuti kwa kuangalia video, nikamfungulia duka la mtandaoni. Mteja anachagua saizi na rangi ya shule, analipia kwa simu, boda anampelekea.

Safari hii akiba yote tuliiweka kwenye nyuzi. Ghati akasema kabisa, shule zikifunguliwa na masweta bado yamejaa ndani, anauza mashine. Na Ghati akisema, amesema.

Sasa cha ajabu. Watu walikuwa wanaingia, wanachagua, wanajaza kikapu vizuri. Wakifika checkout, pale pa kulipia, kimya.

Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Nikiwa darasa la nne niliifungua redio ya baba nione nani anaongea mle ndani, na kuifunga nikashindwa.

Nikaanza kubahatisha. Nikapunguza nauli ya boda. Nikaondoa mambo ya kufungua akaunti, maana nani anataka password kwa ajili ya sweta? Nikaruhusu mtu alipe mzigo ukifika.

Wapi.

Nikaingia kwenye kumbukumbu za tovuti kuona wanaachia wapi. Karibu wote walikuwa wanakwama kwenye kisanduku kimoja, "Jina la mwenye boma".

Hapo nieleze kidogo. Fomu ya kwanza niliichukua mtandaoni ikiwa tayari, nayo ilikuwa inadai mtaa, namba ya nyumba na postikodi. Mtu wa kijijini Susuni namba ya nyumba aitoe wapi? Nikafuta yote, nikaweka jina la mwenye boma, yaani yule mzee ambaye wanawe na wake zao wanaishi kwake. Boda wa huku ukimtajia jina la mzee anakufikisha mpaka mlangoni.

Nilijisifu sana kwa hilo. Niliona hao waliotengeneza fomu ya kwanza waje kwangu kusoma.

Lakini wanaume walikuwa wanakijaza. Walimu wa kike waliopanga vyumba kule Issenye nao walikuwa wanaandika jina la mwenye nyumba, wanalipa, wanaendelea na maisha. Waliokwama ni kina mama wa Susuni na Genkuru. Wengine waliandika "babu wa watoto", wengine "mzee mwenyewe". Hizo oda nilizifuta, nikijua ni watu wa mzaha.

Nikalaumu network. Nikalaumu bando.

Mchana mmoja nikampa Ghati simu yangu. "Hebu nunua sweta kama mteja, mimi nikuangalie tu."

Akachagua. Akajaza jina lake na namba. Kufika kwenye kile kisanduku, kidole kikasimama. Akanirudishia simu.

"Malizia basi," nikamwambia.

"Jaza wewe."

"Si uandike tu jina la mzee?"

Akanitazama kama ananiona leo. "Mzee yupi, baba yako? Mimi nimwite jina?"

Wakuu, mimi ni Mkurya. Kwamba mke hatamki jina la baba mkwe wake nalijua tangu utoto. Ila nilidhani kuandika hakumo.

"Lakini hutamki, unaandika."

"Na boda akinipigia aulize ni kwa nani, nitamjibu nini? Akifika akaliita jina hilo getini na mzee amekaa pale, si ataambiwa ni mkwe wake amelitoa?"

Tumeoana miaka minane, siku zote anamwita "babu yao", na mimi sijawahi kujiuliza kwa nini. Niliona aibu kweli.

Nikamuuliza mbona hakuniambia.

"Hukuwahi kunionyesha fomu. Ulisema ni mambo ya kompyuta."

Tukakaa wote wawili tukaibadilisha. Sasa panauliza, "Boda akifika karibu aulize wapi?" Mtu anaandika kanisani, mashine ya kusaga, au kwa mama Bhoke, basi. Asiyetaka kuandika kuna kitufe cha kupiga simu.

Kisha nikaanza kuwapigia wale niliowafutia oda. Mama mmoja wa Susuni akaniambia, "Mimi nilijua mmenikataa kwa sababu sijasoma."

Hiyo iliniuma kuliko hasara yote. Nikamwomba msamaha. Akacheka, akaagiza mawili.

Oda zikaanza kuingia, nyingine Ghati akiwa bado anashona vifungo. Shule zimefunguliwa yamebaki machache ya saizi ndogo, na mashine haiendi popote.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nawachunguza wateja kwenye kompyuta wakati mteja nalala naye nyumba moja. Siku hizi kitu kipya hakiingii kwenye fomu kabla Ghati hajakijaza. Akisita, kinatoka, sebene la maelezo baadaye.

Wenye maduka ya mtandaoni, wateja wenu wanakwamia wapi? Mwageni uzoefu hapa.

Na kina mama mlioolewa huku kwetu, niambieni bila kunionea haya, kuna nini kingine kwenye fomu yangu kinachowashinda? Maana mlikuwa mnaondoka kwa heshima, kimya kimya, na mimi nikawa nawaita watu wa mzaha.