Kitufe cha Kijani cha Thelma Pelkey

Jumamosi asubuhi watu wa Wexley hukutana dampo. Kanisani huenda nusu yao, na kwenye mkutano wa mji kila Machi huenda wenye ugomvi, lakini takataka kila mtu anazo. Ndiyo maana Thelma Pelkey, mjumbe wao katika Bunge la jimbo la New Hampshire, aliamua kusimama pale kila wiki, kati ya pipa la chupa na kontena la maboksi, amevaa makoti mawili, akigawa karatasi yake ya njano. Upande wa mbele aliandika kazi iliyofanyika Bungeni, Concord, wiki ile. Upande wa nyuma aliandika habari za mji: chakula cha maharage kanisani, nani anauza kuni kavu, ng'ombe wa nani ameonekana barabarani, mtoto wa nani amerudi kutoka jeshini. Watu walianza kusoma nyuma. Yeye alijua, wala hakuona kinyongo.

Alikuwa ameendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja kabla ya hapo. Ubunge haukuwa ndoto yake. Mjumbe aliyekuwepo alihamia Florida kuikimbia baridi, na siku za kujiandikisha zilipofika hakujitokeza mtu, maana mshahara ni dola mia moja kwa mwaka mzima, na kwa fedha hiyo hata mwizi hashawishiki. Karani wa mji akamwambia, "Thelma, wewe unajua kila nyumba. Hebu weka jina lako hapa." Akaweka.

Na tusidanganyane, msemaji hakuwa. Katika wajumbe mia nne, kwa miaka miwili, alisimama mara moja tu, kuomba dirisha lifungwe. Lakini kusoma, alisoma. Miswada yote, hata ile ya leseni za vinyozi, aliisoma mezani jikoni kwake kalamu mkononi, na aliyempigia simu alijibiwa siku hiyohiyo. Waheshimiwa wa namna hiyo nendeni mkawatafute, mkimpata mmoja mniambie.

Jambo alilolishika kwa mikono miwili ni daraja la Mto Cobb. Lilikuwa limechoka hata likawekewa kibao: magari madogo tu. Ng'ambo yake kuna familia kumi na nne, mojawapo ya Clayton Tuttle, mfugaji. Majira ya baridi yaliyopita banda lake lilishika moto, na gari la zimamoto likalazimika kuzunguka maili kumi na tisa. Lilipofika lilimkuta Clayton ameketi juu ya ndoo, na ng'ombe sita hawakutoka. Mji haukuwa na uwezo wa kujenga daraja jipya. Muswada aliokuwa akiuhangaikia Thelma ungelifanya jimbo lisaidie miji midogo yenye madaraja ya aina hiyo.

"Mheshimiwa!" Clayton alimwita Jumamosi moja kwa kejeli, huku akitupa magazeti ya zamani. "Daraja langu limefika wapi?"

"Alhamisi tunalipigia kura."

"Mtapiga kura mpaka nife."

"Wewe hufi leo wala kesho, Clayton. Hata kifo chenyewe itabidi kizunguke maili kumi na tisa."

Clayton alijizuia kucheka, akashindwa.

Sasa, katika Bunge lile kura ina mtego wake. Kinachopigiwa kura ni pendekezo la kamati. Kamati ikisema muswada utupwe, basi anayebonyeza kijani anautupa, na anayeupenda lazima abonyeze nyekundu. Kila mjumbe mpya hufundishwa hivyo, na kila mwaka hapakosi anayesahau. Thelma mwenyewe alikuwa amewafundisha wageni wawili mwezi Januari.

Alhamisi ile walikuwa wameketi tangu asubuhi na wamepiga kura karibu arobaini. Muswada wa madaraja ukasomwa, pamoja na pendekezo la kamati kwamba utupwe. Kengele ikalia. Thelma alikuwa akimfikiria Clayton juu ya ile ndoo. Moyo wake ulisema ndiyo, na kidole kikautii moyo.

Kijani.

"Kura imefungwa," Spika akasema. Mia moja sabini na mbili kwa mia moja sabini na moja. Muswada umetupwa.

Aliyeketi kando yake ni Norman Fifield, mzee aliyekuwa Bungeni tangu enzi za nywele zake. Alitazama ubao mkubwa ukutani, akamtazama Thelma.

"Thelma wee. Mbona jina lako ni kijani?"

Thelma akainua macho. Kura moja, na ni yake.

"Norman, nimeliua daraja."

"Umeliua, ndiyo. Sasa nisikilize. Anayeruhusiwa kuomba kura irudiwe ni aliyekuwa upande ulioshinda. Sisi tulioshindwa hatuna mdomo. Wewe umeshinda, Mungu akusamehe."

"Kwa hiyo maji yaliyomwagika hapa yanazoleka?"

"Hapa yanazoleka. Lakini ni Alhamisi ijayo, na utasimama mbele ya watu wote useme kwa nini. Kimbia ukampe karani wa Bunge taarifa kabla hatujafunga kikao."

Akakimbia, akiwa na miaka sabini na moja na viatu vya theluji. Aliporudi, Norman alimshika mkono.

"Na hiyo karatasi yako ya njano, usiliandike hili bado. Subiri. Tukishinda Alhamisi utaliandika lote pamoja, watu watacheka, yataisha."

"Na tukishindwa?"

"Kuna namna ya kuandika, Thelma. Uko hapa miaka miwili, hujui?"

Namna aliijua. Ijumaa alikaa jikoni akaandika: "Muswada wa daraja umeshindwa kwa kura moja." Kila neno lilikuwa kweli. Aliisoma sentensi ile mara mbili, akaona ni uongo mtupu. Aliona aibu mpaka masikioni. Akalia kidogo, kisha akajikasirikia kwa kulia, akachukua karatasi nyingine.

"Muswada wa daraja umetupwa kwa kura moja. Kura hiyo ni yangu. Nilibonyeza kijani badala ya nyekundu, na hakuna mwingine wa kulaumiwa. Alhamisi nitaomba kura irudiwe. Ukiwa na ndugu au rafiki sehemu yoyote ya jimbo hili, mwombe ampigie simu mjumbe wake. Tafadhali." Upande wa nyuma akaweka maharage ya kanisani, saa kumi na moja jioni, na tangazo la mbuzi aliyepotea. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Thelma alikuwa na daraja la kuzaa.

Jumamosi barabara zilikuwa matope matupu, maana theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka. Siku hiyo hakuna aliyeanza kusoma nyuma.

"Haya!" Orrin, mwangalizi wa dampo, alipaza sauti ili hata walio kwenye vyuma chakavu wasikie. "Miaka thelathini na mmoja unawasimamisha madereva kwa taa nyekundu za basi lako, leo nyekundu imekupotea?"

"Cheka, Orrin. Ukimaliza, piga simu."

"Nina shemeji kule mjini Keene."

"Basi anza na huyo."

Wengine walimpigapiga begani. Wengine walichukua karatasi bila kumtazama usoni, na hilo lilimchoma kuliko maneno ya Orrin. Kisha lori la Clayton likaingia. Alishuka, akapokea karatasi, akasoma upande wa mbele polepole, akaigeuza, akasoma na wa nyuma. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Aliondoka hata taka zake hajatupa, mifuko yote ikiwa bado nyuma ya lori. Thelma angefurahi zaidi kama angetukanwa.

Wiki ile alilala vibaya. Alhamisi ilipofika, Spika alilitaja jina lake, naye akatembea mpaka kwenye kipaza sauti, akakishika kwa mikono miwili kama usukani.

"Mheshimiwa Spika, wiki iliyopita nilibonyeza kitufe nisichokikusudia. Kwetu kuna daraja lisiloweza kubeba gari la zimamoto. Jirani yangu alipoteza ng'ombe sita kwa ajili hiyo. Nilikuja hapa kumsaidia, nikamwongezea msiba. Naomba mnipe nafasi nirekebishe."

Akarudi kuketi. Hotuba yake yote ni hiyo, na wapo waliokaa humo miaka ishirini ambao hawajatoa iliyo bora.

Ombi lake likapita, kura irudiwe. Hoja ya kuutupa muswada ikaletwa upya, kengele ikalia, na kutoka viti vya nyuma mtu akapiga kelele, "Thelma! Nyekundu, mama!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata Spika. Thelma akabonyeza nyekundu, akakiacha kidole hapohapo mpaka kura ikafungwa, asije akaibiwa. Hoja ya kuutupa ikaanguka kwa tofauti ya kura ishirini na saba, na kabla ya chakula cha mchana muswada ulikuwa umepitishwa kwenda Seneti.

Kwenye korido, mjumbe mmoja wa mji wa Nashua alikuwa akimngoja kofia mkononi. Thelma alimfahamu vizuri. Alikuwa Wendell Tuttle, mdogo wake Clayton. Thelma aliwabeba wote wawili utotoni kwenye basi lake, kiti kimoja, wakigombania dirisha. Lakini tangu siku ya mazishi ya baba yao, miaka tisa iliyopita, walipogombania shamba mbele ya kaburi, ndugu hao hawakuwa wamesemeshana, na Wexley yote ilijifunza kutolitaja jina la mmoja mbele ya mwingine.

"Wiki iliyopita na mimi nilikuwa kijani," Wendell alisema. "Ila mimi nilikusudia."

"Na leo?"

"Leo nyekundu. Clayton alinipigia simu Jumamosi mchana."

"Clayton? Wewe?"

"Nilidhani kuna aliyekufa. Akanisomea karatasi yako, yote, mpaka mbuzi. Halafu akasema, 'Thelma ameandika kosa lake watu wote wasome. Basi na mimi nikwambie. Siku ile makaburini nilikosea.'"

Thelma akamsogelea. Alimrekebisha kola ya koti, kama alivyokuwa akimfanyia kwenye ngazi ya basi.

"Nataka kwenda kumwona Jumapili," Wendell alisema, akiigeuzageuza kofia. "Miaka tisa sijapita kule. Hilo daraja, gari dogo bado linavuka?"

"Linavuka, mwanangu," Thelma akamwambia. "Nenda polepole tu."