Buni Mbili Katika Kibuyu

Kabla sijaugua nilikuwa mtu wa kulala. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi wakinisikia wanadhani nilizaliwa na hofu. Sikuzaliwa nayo. Nilikulia kwenye kihamba chetu, juu kwenye mteremko wa Mlima Meru, katikati ya migomba na kahawa, na mama alilazimika kunivuta mguu asubuhi ili nikakate majani ya ng'ombe.

Jina langu ni Aneti. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunipeleka popote, nikashuka mtaa wa Sakina, mjini Arusha, na mama, aliyekuwa amepata kibanda cha kuuza ndizi na maziwa karibu na barabara ya Nairobi. Baba alibaki shambani. Mimi nikapata kazi ya kuchapa kwenye steshenari. Kompyuta hakunifundisha mtu. Nilijifunza kwa kutazama video kwenye simu, na kwa kuharibu mafaili ya wateja na kuyatengeneza kabla hawajarudi. Nikawa hodari wa majedwali. Niliyapenda kwa sababu ukijumlisha kwenda chini na kwenda pembeni na jumla zikakubaliana, kazi imekwisha. Shida ni kwamba mimi sikukubali kuwa imekwisha. Nilijumlisha tena. Nikifika nyumbani nilijiuliza kama nilihifadhi. Hata barua ya mtu ya kuomba likizo niliisoma mpaka maneno yakapoteza maana.

Ndivyo nilivyokuwa baba alipoanguka shambani na kufariki kabla hajafikishwa hospitali.

Wanaojua misiba ya kwetu wanajua kwamba wakati wengine wanapika na kuchimba, kuna mama mmoja ambaye kazi yake ni wafiwa. Anakunywesha maji, anakufunga kanga, anakulaza. Kwetu ni Shangazi Eliafiye, dada wa baba. Kwenye pindo la kanga yake alikuwa na vidonge vidogo vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Meza mwanangu, upumzike. Kesho kuna kusimama kaburini."

"Ni nini, shangazi?"

"Ni ya usingizi tu. Mama yako kashameza. Nani umesikia kafa kwa kulala?"

Nilimeza. Kichwa kilinyamaza. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye kichwa chake hakijawahi kumpigia kelele, lakini ilikuwa kama mashine ya kusaga iliyozimwa na wewe ulikuwa umesahau kwamba inanguruma.

Tulipoondoka, shangazi alitugawia mimi na mama vidonge vilivyobaki kwenye karatasi. Mama alivitumia kidogo akaacha. Mimi nikamaliza vyangu, nikamaliza na vyake. Kisha nikaenda duka la dawa. Dawa ile inahitaji cheti cha daktari, ila muuzaji nilikuwa namchapia vibandiko vya bei, akawa ananipa kama anayenipa peremende.

Nusu kidonge ikawa kimoja, kimoja kikawa viwili, na cha usiku kikapata mwenzake wa mchana. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukanata. Nilipata choo kwa shida. Nilisahau majina ya wateja niliowahudumia asubuhi. Magoti yalilegea, nikawa nashuka ngazi nimeshika ukuta kama bibi. Na nikichelewa kumeza, jasho lilinitoka hata kwenye baridi, mikono ikatetemeka, na sauti ya kijiko kwenye kikombe ikaniuma meno. Hofu niliyokuwa naikimbia ilirudi kubwa kuliko ilivyoondoka. Nyumbani nilisema ni uchovu.

Wakati huohuo kamati ya mtaa ilipata msaada mdogo wa kukinga watu wetu na ulevi na madawa. Ulitosha kuanza na jambo moja tu. Mwenyekiti wetu, Mzee Lomayani, alisema maneno ya busara kabisa: "Hatuwezi kupigana na kila kitu. Twendeni tukaulize, tujue kinachotuumiza zaidi."

Wakapita nyumba kwa nyumba. Lakini walipita kama tunavyopita siku zote: mwenyekiti mbele, wageni wakakaribishwa ndani, wakaandaliwa chai, na mkubwa wa nyumba akajibu kwa niaba ya wote. Sasa nani atamtaja mwanawe mbele ya mwenyekiti, chai ikiwa mezani? Kila nyumba ilijibu kwamba kwake hakuna, ila vijana wa vijiweni wameharibika.

Majibu yaliletwa kwangu niyaingize kwenye jedwali. Nilifika kwenye nyumba yetu. Mama alikuwa amejibu: hakuna. Nikaandika hakuna, kidonge cha mchana kikiwa tumboni. Nikakagua. Jumla zilikubaliana kila upande. Lilikuwa jedwali safi kuliko yote niliyowahi kutengeneza.

Niliposoma matokeo mkutanoni, watu walitikisa vichwa kuafiki. Dereva wa bodaboda anayeitwa Saitoti alisimama nyuma kabisa.

"Kwa hiyo walevi wa mtaa mzima ni sisi? Mama zangu, mnatusingizia bure. Sisi mnatuona kwa sababu tumekaa nje! Wa ndani nani anawaona?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilihisi kama amenitaja jina.

Nikaamua kuacha. Na kwa kuwa ni mimi, niliamua kuacha vizuri: Jumatatu, vyote, bila kubakiza. Nilivitupa chooni na nikajiona shujaa. Siku ya kwanza nilitetemeka. Baadaye nikatapika, na mwanga wa dirishani ukanichoma macho. Sikulala hata kidogo. Asubuhi ya kikao cha kamati nilijikokota kwenda ofisi ya mtaa, kwa sababu jedwali lilikuwa langu na niliogopa litasomwa vibaya. Nakumbuka mlango. Sikumbuki sakafu.

Waliokuwepo wanasema mwili ulikakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kujitupa. Nilijing'ata ulimi na nilijikojolea. Wapo waliorudi nyuma wakinong'ona kuhusu mapepo. Saitoti, aliyekuwa anangoja abiria nje, alikuja akapiga goti akanigeuza ubavu, na ilipotulia akanipakia kwenye pikipiki yake, mama, aliyeitwa mbio kutoka kibandani, nyuma yangu akinishika, tukaenda hospitali mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja.

Daktari alikuwa kijana, karibu rika langu.

"Unatumia dawa gani?"

"Hatumii kitu, daktari," mama akajibu haraka.

Nikasema kwa ulimi uliovimba, "Natumia." Nikamtajia jina na kiasi.

"Na nani alikwambia uache ghafla?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi usijisikilize tena." Alitabasamu kidogo, kisha akawa makini. "Dawa hii mwili ukishaizoea, ukiikata mara moja ubongo unawaka. Ungeweza kufa pale ofisini. Tutaishusha polepole, na wewe hutachagua kasi."

Hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko kutapika. Nilitaka tarehe ya mwisho, sikupewa. Dozi ilipunguzwa kidogo, nikakaa hapo mpaka mwili utulie, ikapunguzwa tena. Vidonge alivitunza mama, akinipa mkononi na kunisubiri nimeze. Nesi Rehema wa zahanati yetu, ambaye pia alikuwa kwenye kamati, alinipima na kuniuliza nimelalaje. Wiki nyingine nilisonga mbele. Nyingine nililia kwa sababu sufuria imeanguka. Niliporudi hatua moja nyuma nilidhani nimeharibu yote, na Nesi Rehema akasema, "Aneti, huu si mtihani. Kunywa uji."

Siku moja nilimwambia lililokuwa linanikera. Kamati ilikuwa inakaribia kuanza kazi, na msaada wote ungeelekezwa vijiweni kwa ajili ya bangi na mirungi, kwa sababu ya jedwali langu. "Nyumba yetu mle imeandikwa hakuna," nikamwambia. "Zipo ngapi kama yetu?"

"Tuulize tena," akasema.

"Watajibu vilevile."

"Basi tusiwaulize mdomo. Tuwape mbegu, kila mtu atie yake pasipo kuonekana."

Mzee Lomayani alipinga. "Majibu tunayo. Mnataka tuanze upya na mbegu?" Nilisimama nikasema, "Shikamoo mzee. Majibu niliyaingiza mimi. Mimi ndiye niliyeanguka hapo mlangoni, na kwenye majibu yale sipo." Mzee alitazama mlango ule. Kisha akamtuma mtu kwa mkewe, alete kibuyu kikubwa cha maziwa.

Tulikiweka nyuma ya shuka lililotundikwa mlangoni pa ofisi ya mtaa. Kila mtu mzima alipewa punje moja moja ya maharage, mahindi, choroko na buni, yaani kahawa mbichi, kutoka kihamba chetu. Maharage yalikuwa pombe, mahindi bangi, choroko mirungi, buni vidonge vya dukani. Ukifika nyuma ya shuka unatia kibuyuni kile kinachokusumbua wewe au mtu mnayelala nyumba moja. Zinazobaki unazimwaga kwenye gunia lililo pembeni, ili mtu asijue ulirudi na nini. Vijana wa bodaboda walipanga foleni kwa utani mwingi. Saitoti aliniuliza kama kibuyu kinaruhusu deni.

Tulimimina kwenye ungo mbele ya watu wote na kina mama wakachambua kama wanaochambua mchele. Maharage yalikuwa mengi kuliko vyote, hilo hakuna aliyelishangaa. Lakini buni zilifuata, na fungu lake lilizidi mahindi na choroko kwa mbali.

"Hizi buni ni za nani?" Mzee Lomayani akauliza.

"Ni zetu," Nesi Rehema akajibu.

Mama mmoja anayeuza vitenge, ambaye sikumwona hata siku moja bila tabasamu, akasema taratibu, "Mimi ni tangu nilipomzika mume wangu." Mwingine akasema, "Mimi msiba wa mdogo wangu." Hatukuwauliza. Ungo ulikuwa umeshasema, wakaona hawako peke yao.

Kamati ikabadili mpango. Pombe tayari ilikuwa na watu wanaoishughulikia makanisani, wakaongezewa nguvu kidogo. Vidonge havikuwa na mtu, na sasa tulijua mlango vinapoingilia. Kazi ya kwanza ikawa vikundi vyetu vya kufa na kuzikana, na maduka ya dawa ya mtaani.

Jioni ile mama alikuwa anamenya ndizi. Akasema bila kuinua macho, "Nilitia buni."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine? Wale wageni nilishindwa kuwaambia. Kibuyu hakikuniangalia usoni."

Nilifurahi, kisha nikashtuka. Mimi pia nilikuwa nimetia buni. Mgonjwa mmoja, buni mbili. Asubuhi nilimkimbilia Nesi Rehema. "Jedwali lina kosa! Nimehesabiwa mara mbili, na huenda nyumba nyingine vilevile. Lazima tupunguze."

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Wewe ulikuwa unaumwa," akasema. "Mama yako alikuwa anakaa macho kusikiliza kama unapumua. Andika chini kwamba nyumba moja inaweza kuwa na mbegu zaidi ya moja. Halafu ziache zote."

Nikaandika, nikaziacha.

Sasa situmii dawa ile. Namshukuru Mungu, namshukuru mama na mkono wake uliokuwa unanisubiri nimeze, daktari, Nesi Rehema, na Saitoti, ambaye hakukubali hela ya mafuta. Ewe unayesoma na una vidonge kwenye pindo la kanga, usiviache peke yako na usiviache ghafla kama mimi. Nenda hospitali, taja jina lake na kiasi, uwaachie wao kasi. Na wewe unayepita majumbani kuuliza watu wanaumwa na nini, usiulize mbele ya chai.

Majuzi tulikuwa na msiba tena kule juu, ambako habari zangu zilishafika. Binti mfiwa alikuwa anapiga kelele, na niliona mkono wa Shangazi Eliafiye ukienda kwenye pindo la kanga. Akatoa leso. Akamfuta uso, akakaa naye chini kwenye mkeka. "Lia tu, mwanangu," akamwambia. "Sisi hatuendi kulala."

Nilikaa upande wa pili wa binti yule. Kulipokucha bado tulikuwepo.