Kichwa cha Évode na Ng'ombe wa Masaka

Évode Twagirayezu alipoteza nywele zake zote katika mwaka wa kwanza wa vita, na watu wa Kabeza, mtaa wake wa Kigali, ambao vita vyenyewe walikuwa hawajavielewa vizuri, nywele walizielewa mara moja. Lilianza doa dogo nyuma ya sikio, laini kama upande wa ndani wa mkono. Mke wake, Xavérine, alilipaka samli asubuhi na jioni. Doa likanawiri na kupanuka. Kufikia Pasaka kichwa kilikuwa kimekwisha. Zikafuata nyusi, halafu kope, na uso wa karani huyu wa wizara ukabaki kama wa mtu anayeshangaa habari ambayo bado hajaambiwa.

Daktari alimweleza kwa Kifaransa kwamba mwili wake umeamua kupigana na nywele zake wenyewe, na kwamba ugonjwa huo hauambukizi, hauui, wala hauna dawa. Évode alishukuru. Yalikuwa maelezo mazuri, ila hakuna mtu aliyeyataka. Miaka ile, mtu akipungua nywele Kigali, watu walikuwa na jina moja tu la ugonjwa wake, na adabu iliwataka wasilitaje mbele yake. Jirani aliyezoea kunywa naye pombe ya mtama kwa mrija mmoja alianza kuja na mrija wake mfukoni. Kazini Kacyiru, kikombe chake cha chai kiliwekwa peke yake dirishani, kwa heshima zote, kama sanamu ya mtakatifu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuitwa tena kwenye harusi. Évode alikuwa mshenga, na si mshenga wa kubahatisha. Huku kwetu, siku ya kuomba binti, wazazi hukaa kimya. Kila upande huweka mshenga wake, na wale wawili hutupiana maneno mbele ya watu: yule anasema hapa hamna binti, huyu anajibu basi yule tuliyemwona kisimani ni mbuzi? Mshenga akikasirika, ameshindwa. Baba wa binti akikasirika, inahesabiwa kwamba amekataa ng'ombe, na wageni huwachunga wakarudi nao kwao. Évode alikuwa akitafutwa kwa kazi hiyo kutoka Kabeza hadi Masaka, nje kidogo ya mji. Sasa walikuwa wanamsalimia kwa mbali.

Jumamosi moja mshenga wa jirani alipatwa na malaria, na wenye shughuli, kwa kukosa mtu, wakamwita Évode. Alisimama, akavua kofia, akawaacha watazame mpaka washibe.

“Mnajiuliza mimi naumwa nini,” alisema. “Mimi siumwi. Anayeumwa ni kinyozi wangu. Hajala tangu Jumanne.”

Kila mmoja alitafuta ruhusa usoni mwa mwenzake, kisha wakaangua kicheko. “Na sabuni yangu ya uso,” aliendelea, “siku hizi inafika mpaka kisogoni. Hasara tupu.” Jioni ile jirani alisahau mrija wake nyumbani.

Miezi michache baadaye alipata uthibitisho mwingine. Kwenye kizuizi cha barabara ya uwanja wa ndege, askari alishika kitambulisho chake akalinganisha picha na uso. Nyuma yake mstari wa watu ulitulia.

“Huyu mwenye nywele yuko wapi?”

“Alibaki nyumbani, shefu. Anaogopa vita.”

Askari alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. Évode akapita. Watu wawili wa mstari ule, ambao nywele zao zilifanana kabisa na picha zao, waliwekwa kando, na hakuuliza habari zao. Tangu siku hiyo imani yake ilikuwa moja: mtu akijicheka mwenyewe kwanza, wengine hawana pa kumshikia. Naye akawapa watu wote ruhusa. Wenzake wa ofisini walimpa chanuo siku ya sikukuu yake. Vijana wa gereji walimwita kutoka ng'ambo ya barabara: “Mzee, funika hiyo kitu, ndege ya Kanombe itafikiri iko uwanja!” Aliwapungia mkono. Mwenye busara alisema mzee Évode ameushinda ugonjwa. Xavérine, aliyelala naye, aliendelea kumpaka samli.

Halafu, katika mvua za mwaka tisini na mbili, doa lilitokea kwenye kichwa cha binti yao, Alida.

Alida alikuwa mshonaji, na alilificha doa kama anavyoficha mshono mbaya, kwa kugeuza upande. Mama alimsukia nywele zilizobaki juu ya zilizokwenda, mpaka zilizobaki nazo hazikutosha. Ikawa kitambaa kila siku. Baba alimtazama mezani, akaona zamu yake ya kusaidia imefika.

“Sasa tumepata kiwanda cha taa,” alisema. “Mama Alida, sisi wawili tukikaa dirishani, umeme wa nini?”

Alida aliweka kijiko chini.

“Cheka kwanza, mwanangu. Ukianza wewe, wanakosa la kusema.”

“Wewe ulianza, baba. Wamekosa?”

“Wanacheka na mimi, hawanicheki.”

“Sawa. Lakini mwanamume asiye na nywele anaitwa bosi. Mimi wataniita maiti, na mchumba wangu wataanza kumpa pole.”

Évode alitaka kujibu, maana jibu lilikuwepo, lakini Xavérine alimziba mdomo kwa macho.

Mchumba alikuwa Bertrand Cyusa, fundi wa magari, mtu wa Masaka. Alida alimfungulia kitambaa nyuma ya duka la ushonaji. Bertrand alitazama kwa makini, kama anavyotazama injini, akasema, “Sawa,” kisha akauliza kama mvua itakata. Alida alilichukua hilo kuwa tamko la mapenzi, na hakukosea sana. Ombi la kijana lilikuwa moja tu: mama yake, Mukabalisa, asijue kabla ng'ombe hawajapokelewa. Mama huyo alishazika watoto wawili wa dada yake, wote walikonda na kunyonyoka nywele. Akiona kichwa kile angeona kaburi, na ng'ombe wasingetoka zizini. Ng'ombe wakishapokelewa, neno limekwisha, hawarudi. Kwa hiyo ilibidi siri ifike salama hadi siku hiyo. Wigi ikanunuliwa mjini, nzuri, nyeusi kuliko nywele zozote.

Kwa kuwa baba hawezi kuwa mshenga wa binti yake, upande wao alisimamishwa Ndayisaba, mdogo wake Évode, mtu mzito wa maneno ambaye kakaye alimfundisha wiki nzima bila mafanikio makubwa. Upande wa Masaka alikuwa mwalimu Zephaniah, Msabato, hanywi, mkali wa ulimi. Washenga wana desturi yao ambayo wageni hawaijui: siku chache kabla hukutana kimya kimya wakagawana utani. Hiki tutagusa, hiki hatutagusa. Ndayisaba na Zephaniah walikubaliana upesi: matope ya Masaka, ruksa, mafuta ya gari kwenye kucha za Bertrand, ruksa, kichwa cha mzee Évode, ruksa bila kuuliza. Kuhusu nywele za binti hakuna aliyesema kitu, kwa sababu Zephaniah hakujua kwamba kuna kitu.

Mtu wa kawaida angenyamaza hapo. Lakini Évode alikuwa wa kazi ile, na kwa washenga, kisichokatazwa kimeruhusiwa. Siku ya tatu alishindwa kujizuia, akapanda basi hadi Masaka.

“Mwalimu,” alisema, “nimekuja kwa jambo moja dogo. Nywele za binti usiziguse.”

Zephaniah aliitua chupa yake ya Fanta polepole. “Nywele za binti zina nini, mzee?”

Kuku alipita kati yao. Évode alisikia alichokisema, kwa kuchelewa.

“Hazina neno. Nasema tu.”

“Nitalizingatia,” alisema Zephaniah.

Évode mwenyewe alikuwa amewaambia watu wengi maneno hayo hayo, kwa hiyo alijua thamani yake.

Siku yenyewe waliwahi kuanza, ili wageni warudi kabla ya saa ya amri ya kutotembea usiku. Uani kwa Évode walifunga turubai. Wageni kulia, wenyeji kushoto, na katikati njia ya kupitia binti. Alida alikuwa chumba cha mbele na mama yake na shangazi, ameshavishwa, wigi imebanwa kwa pini. Kati yake na uani palikuwa na pazia tu, na kila neno lilipita.

Zephaniah alianza vizuri, kwa matope ya kwao mwenyewe. Kisha akamgeukia Évode. “Tulipotea njia,” alisema, “tukaona kitu kinang'aa juu ya mlima, tukasema afadhali, huku kuna umeme.” Watu walicheka. Évode alicheka, kama ilivyokubaliwa.

“Lakini wazee wa Masaka wamenituma niulize,” Zephaniah aliendelea, sauti ikishuka. “Ng'ombe wetu wanakula majani. Na hii nyumba tunaona mzee haoti kitu. Sasa ni mzee peke yake, au ni ukoo? Maana wasije wakafika kwa binti, nako wakakuta ukame.”

Kicheko kilipanda upande wa kulia, kikasita. Mukabalisa hakucheka. Aligeuza kichwa akamtazama Évode, naye akaona kwamba mama yule haulizi kwa utani, anauliza kweli. Uso wake mwenyewe usio na nyusi, ambao haukuwa na pa kujificha, ndio ungekuwa jibu. Akinuna, ni kweli. Akikasirika, amekataa ng'ombe.

Akacheka. Alicheka kile kicheko chake kikubwa cha tumboni, kilichojulikana Kabeza nzima, akapiga goti kwa kiganja. Mukabalisa alimwangalia kidogo, mabega yake yakalegea, naye akacheka. Upande wote wa kulia ukamfuata.

Zephaniah, alipoona moto umeshika, akatia kuni. “Tumeleta na ng'ombe wa kukamuliwa,” alisema, “ili mkikosa nywele, mpake siagi vichwa ving'ae vizuri.” Na Évode akacheka tena.

Ndayisaba hakucheka hata mara moja. Alisubiri kelele ziishe. “Binti yetu si malisho,” alisema. “Kama ng'ombe wenu wana njaa, warudisheni mkawalishe.”

Haukuwa utani. Ilikuwa karibu kabisa na hasira, na kakaye alikunja uso kwa aibu ya kikazi. Lakini Zephaniah aliinama, akasema wamesikia. Maneno mengine yakapita haraka, na ng'ombe wakapokelewa.

Ndipo Alida alipotolewa, amesimama wima, wasichana wenye vikapu vya zawadi mbele na nyuma yake. Desturi ilimtaka mshenga wa wageni amshukuru mzazi.

“Binti,” alisema Zephaniah, “tuonyeshe baba yako, tumpe mkono.”

Alida alipita mbele ya kiti cha Évode bila kugeuza macho, akasimama kwa Ndayisaba.

“Huyu.”

Vicheko vililipuka pande zote. Ndugu wa baba ni baba, hakuna wa kumkosoa, na siku ile kila kitu kilikuwa utani. Wengine walisema mtoto kamrithi mzee kwa ulimi. Ndayisaba alimtazama kakaye. Évode akamwashiria kwa kidevu: pokea. Zephaniah akampa mkono Ndayisaba, mikono miwili, kwa heshima kubwa.

Évode alimkuta Alida nyuma ya nyumba, karibu na pipa la maji, akisogeza pini iliyokuwa inamchoma.

“Ungejua,” alisema. “Mama yake alikuwa ananiangalia. Nisingecheka, yote yangekwisha. Nilicheka kwa ajili yako.”

“Najua,” Alida alisema. “Mama alichungulia pazia, akaniambia. Mara ya kwanza ilikuwa kwa ajili yangu.”

Alimaliza na pini ile, akaanza nyingine.

“Na ya pili?”

Jibu lilikuwepo, lilikuwa fupi, na lilikuwa kwamba utani ule ulikuwa mzuri.

Kutoka uani mpiga picha aliita kwamba wanasubiriwa bibi harusi na baba yake, mwanga unaondoka. Alida akajifuta mikono, akaenda kusimama kando ya Ndayisaba.